Mabaki ya Siku ya Posho

Feza, mdogo wangu,

Umeme umekatika tena. Ungekuwapo ungemwambia dada yako mkubwa, "Yaya, tuikale, tungoje, mashini iko na usingizi," halafu ungetoa karanga zako kwenye mfuko. Mimi sina karanga. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya kioo cheusi, na hii ninayoandikia ni karatasi ya kompyuta yako, ile yenye matundu pembeni. Mkono wangu bado haujazoea kalamu kama ulivyozoea waya wa kukatia sabuni, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Nimechoka. Sisemi hivyo ili unihurumie, maana ninyi mliokwisha pumzika hamna haja ya kuhangaika na uchovu wetu. Nakuambia kwa sababu hapa kiwandani hakuna mwingine wa kumwambia. Wanawake wa chumba cha kukatia wamechoka kuliko mimi, na Citoyen Directeur, mkuu wa kiwanda, akiniuliza habari ninamwambia nzuri, kwa sababu ndivyo anavyotaka kusikia. Tangu tukuzike, mvua zimekatika na zimerudi. Barabara ya Uvira imebomoka mahali palepale, na malori yanayotuletea soda ya kupikia sabuni yanalala njiani mpaka madereva wanaoa huko. Goti langu la kushoto limekataa kabisa kilima cha Kasha. Nikishuka asubuhi kuja kazini najiuliza kama jioni nitapanda kufika nyumbani, na jioni ninapanda, kwa sababu nyumba iko juu.

Wewe hukuniona nikiwa na nguvu. Uliponikuta tayari nilikuwa Mama Bahati wa chumba cha kukatia, mwanamke mwenye vidole vilivyopasuka, anayejua mambo mawili tu: kunyoosha waya na kugombana. Wewe ulikuwa binti wa Mwenga mwenye diploma, viatu vya kisigino na disketi ndani ya kitambaa kana kwamba ni mayai. Ulitumwa Bujumbura kujifunza, ukarudi na hii mashine, na Directeur akatukusanya uani akatuambia kwamba sasa kiwanda kitakuwa na akili. Sisi tulitazamana. Mama Zawadi, mwenzangu wa kukata, alininong'oneza, "Kumbe tangu zamani tulikuwa wajinga na hatukuambiwa." Nilicheka mpaka Directeur akanitazama.

Ulikuja kutueleza baadaye, pale mlangoni, umesimama mbali kidogo ili soda isikuchome. Ulisema ndani ya mashine kuna programu, na programu hiyo itajua mafuta ya mawese yaliyoingia, soda na chumvi iliyoingia, sufuria iliyopikwa, sabuni iliyotoka na mtu aliyeinunua. Mimi nikakuuliza kama itajua pia mgongo unauma. Hukukasirika. Ulijibu, "Yaya, mashini haionaka kitu chenye haina jina. Mugongo yako utaipatia jina, itaiona." Nilidhani unanitania. Sasa najua ulikuwa unanifundisha kazi.

Wiki chache zikapita, na kile kioo kikaona kitu. Unakumbuka. Kilo za sabuni zilizomiminwa kwenye viunzi na kilo za miche iliyotoka kwenye stoo hazikukutana. Directeur alishuka kwetu na karatasi mkononi, koti la abacost limembana shingo, akasema humu ndani kuna wezi, na kwamba mwisho wa mwezi chumba kizima kitakwenda nyumbani, kitaletwa kingine. Mama Zawadi alikuwa na watoto shuleni na mume aliyekwenda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda, hajulikani kama anarudi. Mimi nilikuwa nalisha wajukuu. Tungekwenda wapi?

Nasi hatukuwa tumeiba kitu. Ni mabaki tu. Toka enzi za Wazungu, pembe na kingo zinazobaki waya ukishapita hazikurudi sufuriani. Wazungu walisema zinaharibu rangi. Zikawa zetu. Siku ya posho, Jumamosi, tukishamaliza salongo ya kufagia ua na kuzibua mifereji, kila mmoja alifunga mabaki yake kwenye pindo la kitenge akaenda. Na mtu akifiwa, mabaki ya wiki hiyo yote yalikwenda kwake, kwa sababu kwenye matanga nguo za kufua ni nyingi na watu hawaishi kunawa. Hakuna aliyeandika. Sentinelle, mlinzi wa lango, alikuwa anajua, Directeur wa zamani alikuwa anajua, na huyu naye tulidhani anajua.

Kesho yake ukashuka. Hukusimama mlangoni, uliingia mpaka ndani na vile viatu, ukakaa juu ya debe, ukasema maneno ambayo mpaka leo tukiyakumbuka tunacheka hata tukiwa tumelemewa: "Bamama, waya yenu inalewaka kila siku ya tano." Mashine ilikuonyesha. Jumatatu mabaki madogo, Jumanne madogo, Ijumaa mabaki yanavimba. Ndivyo ilivyokuwa, Feza. Kesho yake ilikuwa siku ya posho, na waya ulijua. Haukuzidi sana. Uliegemea tu.

Nilingoja ututukane. Ukauliza jambo lingine kabisa: tukifika nyumbani tunayafanyia nini mabaki hayo? Tulitazamana tena. Mama Zawadi ndiye aliyeeleza, kwamba tunayatia maji kidogo, tunayayeyusha polepole, tunatwanga mchaichai tunauchuja humo, tunamimina kwenye makopo ya maziwa, na watoto wanaogea. Ngozi haiwashi kama ya sabuni ya kufulia, kwa sababu soda imeshatulia. Ulisikiliza umeinamisha kichwa. Uliomba kuletewa kipande. Ukanusa. Ukaondoka nacho bila kusema asante, ukanifanya nikuone binti asiyefunzwa.

Kumbe ulikwenda kuyapa mabaki jina. Uliyaingiza kwenye programu, si kama hasara, bali kama mali ghafi, pale pale kwenye orodha moja na mafuta na chumvi. Na yalipopata jina, mashine ikaanza kuyahesabu kama inavyohesabu vitu vingine. Ukamwonyesha Directeur kwamba kila mwezi kiwanda kina fungu la sabuni iliyokwisha pikwa, isiyohitaji soda. Na miezi ambayo soda imekwama kule kwenye barabara ya Uvira, sufuria zinapoa na watu wanarudishwa nyumbani, fungu hilo lingeweza kuwa sabuni ya kuogea. Hakuna kiwanda cha hapa kilichokuwa nayo. Hukumwomba aamini. Ulimwomba aangalie.

Directeur aliposema majaribio ni gharama, ulimjibu kwa lile neno lako: "Tupike kwanza ndani ya mashini, kuni tutatafuta kisha." Nilikuwepo, ulikuwa umeniita nipande ofisini. Ulibonyeza, mchaichai kidogo, mafuta kidogo, kopo au kiunzi, kuni au hakuna, na kila mara mashine ikasema bei itakavyotoka. Nilikuona ukipika sufuria baada ya sufuria na hakuna moshi. Nilijiambia, hawa watu wenye diploma wamepata mahali pa kuchezea. Lakini ulipokuja kupika kwa moto, ulikuja na mapishi mawili tu. La kwanza lilitoka laini mno, likanuka kama jani lililolala kwenye maji. La pili ni hilo linalouzwa mpaka leo Kadutu na Ibanda, na juzi nimeambiwa limefika Kalehe kwa mtumbwi. Tangu hapo habari ya kutufukuza haikutajwa tena.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, maana sitaki ufikiri nimeusahau. Mabaki yalipokuwa mali ya kiwanda, hayakuwa yetu tena. Jumamosi iliyofuata sentinelle alitufungua vitenge langoni. Mama Zawadi alilia kwa aibu, si kwa ajili ya sabuni. Nilipanda ofisini nikakuambia umetuuza, umechukua cha maskini ukakipa kioo. Siku nyingi sikukuamkia. Na sikuombi msamaha kwa hilo, mdogo wangu, kwa sababu kama ungeishia pale ningekuwa na haki. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Hukuishia pale. Ulimwambia Directeur kwamba mapishi ni ya wanawake, na kwamba mchaichai kiwanda hakijui hata unaota wapi. Halafu ukafungua orodha ya wateja, ukaandika mteja mpya: Chumba cha Kukatia. Kila siku ya posho fungu lake linatoka, halali, kwa karatasi ya mashine, sentinelle anaisoma na kufungua lango. Anayefiwa naye anaandikwa, fungu la matanga linatoka kwa jina lake. Hukuficha kitu. Ulifanya kinyume cha kuficha. Na waya ukaacha kulewa, kwa kuwa fungu letu lilikuwa lilelile hata tukikata sawasawa. Ukanionyesha Ijumaa kwenye kioo, imelala chini pamoja na siku nyingine.

Nani asiyekumbuka kisa cha Mama Bahati? Ulituuliza majina ya waliofiwa, nasi tukakupa kama tunavyoitana. Mama Bahati kafiwa na shemeji. Mama Bahati kafiwa na baba. Mama Bahati kafiwa na mtoto wa dada. Tulikuwa akina Mama Bahati wengi humu, kwani nani Bukavu hana Bahati nyumbani? Mashine ikawafanya wote mtu mmoja. Directeur akashuka, safari hii amechanganyikiwa kwa kweli, akauliza, "Huyu Mama Bahati, batu yake banakufaka bila kuisha?" Hata sentinelle alicheka. Wewe hukucheka. Ulikuja na kalamu, ukatuketisha mmoja mmoja, ukamwuliza kila mmoja jina alilopewa na baba yake.

Nilikuambia Nsimire. Nililisema polepole, kwa sababu midomo yangu ilikuwa haijalitamka muda mrefu. Mama aliyelipenda amekufa, mume wangu aliniita jina la mtoto, kanisani wananiita mama. Ukaniita nipande nikalione kwenye kioo, kwa herufi za kijani, Nsimire, na hakuna mwingine aliyechanganywa naye. Siku ile nilisema macho yanawasha kwa soda.

Baada ya hapo ukaanza kunifundisha. Mchana, watu wakila, unanivuta kitini, "Yaya, bonyeza, haitakuuma." Sikuelewa kwa nini unajisumbua na mwanamke wa umri wangu. Labda ulikuwa huna mtu wa kuongea naye tu. Ndugu zako wote walikuwa Mwenga, na Bukavu ulikuwa na chumba cha kupanga, redio na sisi. Niliwahi kukuuliza kwa nini huolewi, ukasema utaolewa na mashine, haiombi chakula. Tulicheka. Wakati mwingine nafikiri nilipaswa kuuliza tena, pasipo kicheko.

Halafu homa ile. Ulisema ni malaria ya kawaida, ukafanya kazi siku mbili na sweta mabegani, na siku tatu baadaye tulikuwa hospitalini tunakushika mikono. Ulimwambia Directeur alipokuja kukuona, "Yaya anajua." Nilijua nini, Feza? Nilijua kuwasha na kuzima. Lakini wewe ulikwisha sema, naye akaamini, maana maneno ya mgonjwa watu hawayapingi.

Ndugu zako barabara iliwazuia, walifika matanga yamekwisha. Kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa watu wako. Tulikuosha, Mama Zawadi na mimi na wengine, kwa sabuni yako ya mchaichai. Tulitaka fungu la matanga litoke, mashine ikauliza: kwa jina la nani? Kwa kila mtu tuliandika aliyefiwa. Kwako hapakuwa na jina la kuandika, kwa kuwa tuliofiwa tulikuwa chumba kizima na programu inakubali mteja mmoja. Nilikaa hapa hapa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubonyeza peke yangu, machozi yanadondoka juu ya vibonyezo, na Mama Zawadi nyuma yangu anasema nifute maji, nitaharibu mali ya kiwanda. Nikaandika jina lako lote, kama baba yako alivyokupa. Karatasi ikatoka. Sentinelle aliisoma, akavua kofia, akafungua lango.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie leo. Fundi amekuja kutoka Bujumbura, kijana mwenye haraka. Anasema kumbukumbu ya mashine imejaa, ndiyo maana inakwenda kama mzee. Amemshauri Directeur tufute wateja wote wasiolipa. Na wasiolipa ni nani? Chumba cha Kukatia na watu wa matanga. Directeur akaniambia nifanye hivyo kabla ya mwaka kwisha. Alisema bila ubaya, kama mtu anayeagiza kufagia. Lakini Chumba cha Kukatia kikifutwa, siku ya posho karatasi haitoki, na lango halifunguki. Tungerudi kwenye kufunguliwa vitenge. Mama Zawadi aliposikia akaenda kunywa maji.

Sikupanda kugombana. Sina tena nguvu za kugombana, magoti yamezimaliza. Nilipika kwanza ndani ya mashine, kama ulivyonifundisha. Nilichukua miezi ya kabla ya fungu letu kuwa na jina na miezi ya baada yake, nikaiweka kando kwa kando. Nilikosea, nikaanza upya, nikakosea, nikakuita kwa sauti, aliyefagia korido akafikiri namwita yeye. Mwishoni ikatoka. Nikamwita Directeur nikamwonyesha Ijumaa zile zilizovimba, na Ijumaa za sasa. Nikamwonyesha miezi ya barabara mbovu, soda hakuna, na sabuni ya mchaichai peke yake ikiweka moto chini ya sufuria. Nikamwambia, "Citoyen, ukifuta hii jina, waya italewa tena, na mimi sitaweza kuikataza." Alivaa miwani, akaivua. Kisha akasema, "Bon. Chumba ibakie. Na benye walifiwa babakie. Lakini bafu ubatoshe. Mufu hana kazi na sabuni."

Yaani wafu niwatoe kwenye orodha. Ni haki yake. Nilimshukuru, na nilipowaambia wanawake, Mama Zawadi alikaa chini pale pale sakafuni, akacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Wako salama, Feza. Nilitaka hilo ulijue kabla ya jambo jingine lolote.

Asubuhi hii nilianza kufuta. Wateja wetu waliokufa ni wachache, wenye maduka wa zamani, yule mzee wa Kadutu aliyekuwa ananunua kwa katoni na kulalamika kwa neno moja moja. Mashine inaonyesha jina, inauliza kwa Kifaransa kama lifutwe, herufi ya ndiyo au herufi ya hapana. Nilibonyeza ndiyo, nikawaombea kila mmoja kidogo. Jina la mwisho likaja lako. Nikaweka kidole. Hapo ndipo umeme ulipokatika, nami nikachukua karatasi hii.

Umeme umerudi sasa. Taa ya korido imewaka na nasikia pampu ya mafuta inaanza. Mashine inaamka taratibu, inanguruma, inapanga mambo yake. Nimeirudisha mahali tulipoachia, na swali ni lile lile, na jina lako liko juu yake kwa kijani.

Nimebonyeza hapana.

Directeur akiuliza nitamwambia kumbukumbu moja haijazi mashine. Fundi wa Bujumbura akirudi nitamwambia sijui, mimi ni mwanamke wa kukata sabuni. Programu itaniuliza tena mwakani, maana hujanunua kitu, na mwaka utakaofuata, na nitajibu vilevile maadamu vidole vyangu vinaweza kubonyeza. Siku vitakaposhindwa, nimeanza kumvuta Mama Zawadi kwenye kiti mchana, watu wakila. Anaogopa. Nimemwambia haitamuuma.

Leo ni siku ya posho. Karatasi ya Chumba cha Kukatia imeshatoka, na wenzangu wananingoja langoni tupande Kasha polepole kwa ajili ya goti. Pumzika, mdogo wangu. Kwetu bado uko kwenye orodha.

Ni mimi yaya wako,
Nsimire